Imani Wakati wa Kuonewa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na mwenzetu aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1978. Imechapishwa kwa ombi la waliohudhuria.)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya imani ya Kikristo mbele ya mateso ya kuonewa. Nilipoisoma barua yake nilinyamaza kwa muda mrefu, maana ndani ya mada hiyo mna deni langu, na deni lenyewe ni la shule hii hii. Basi nimekuja kulilipa. Lakini mniwie radhi, nitalifikia mwishoni, kama ilivyo desturi ya wadaiwa.

Natambua ya kuwa si wote tulio hapa ni Wakristo. Shule hii, tangu iliposhikwa na Serikali, imekuwa ya watoto wa dini zote, na ndivyo ilivyokuwa katika siku zetu. Nitasema kwa lugha ya imani yangu kwa kuwa ndiyo niijuayo. Lakini habari ya mtu kuonewa bila kosa haina dini, na ndugu zangu Waislamu wataona kwamba nao wamo katika maneno yangu.

REDIO YA MWALIMU WA ZAMU

Mwaka 1977 nilikuwa kidato cha tatu. Mkoa wetu wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Mwalimu wa zamu alikuwa na redio ya betri, nasi jioni, baada ya chakula, tulizoea kujikusanya chini ya dirisha lake tukijifanya tunasoma. Naye alijifanya hatuoni, akaongeza sauti kidogo.

Alhamisi ya tarehe 17 Februari tukasikia kwamba Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, amekufa katika ajali ya gari mjini Kampala. Na kwamba mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa pamoja naye. Chini ya dirisha lile hapakuwa na hata mmoja aliyesadiki kuwa ile ilikuwa ajali. Sisi tulikuwa watu wa mpakani. Kampala ilikuwa karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na tulikuwa tumekwisha zoea kuwaona watu waliovuka usiku na mfuko mmoja mkononi. Walituambia mambo ambayo redio ya kwao haikuyasema.

Jumapili iliyofuata mwalimu wa kipindi cha dini alituongoza katika sala. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilisimama pale, nikalia machozi kwa ajili ya mtu ambaye sikupata kumwona. Jambo hilo mlikumbuke, maana nitalirudia.

MTU MWENYEWE

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Utotoni alichunga mifugo, akaanza shule akiwa amechelewa, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi Januari 1948 aliokoka, kama walivyosema watu wa uamsho, akaacha ualimu mwaka uliofuata na kwenda kusomea uchungaji. Mwaka 1969 akawekwa wakfu kuwa askofu, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Idi Amin alikuwa amekwisha kaa madarakani tangu tarehe 25 Januari 1971.

Ni vizuri vijana mjue hali ilivyokuwa. Tarehe 21 Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki na mtu aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi ile, alichukuliwa na askari kutoka Mahakama Kuu mchana kweupe, naye hakurudi. Kosa lake ni kwamba alimwachia huru mtu aliyefungwa kinyume cha sheria. Mwezi Januari 1973 aliuawa padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno. Mwezi huo huo aliuawa Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri katika serikali ya Obote, naye alikuwa Mwislamu. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba ile ilikuwa vita ya Uislamu na Ukristo. Ilikuwa ni nguvu isiyotaka kuulizwa swali, na ilimla kila aliyeuliza.

Luwum hakuanza kwa kupiga kelele. Alikwenda mwenyewe katika ofisi za usalama kuulizia watu waliopotea. Alikaa meza moja na Amin ili apate nafasi ya kumwombea mtu fulani asife. Wako watu wake waliomlaumu kwa hilo, wakisema anakula na muuaji. Mwaka 1976 alikutana na Kardinali Emmanuel Nsubuga wa Kanisa Katoliki na viongozi wa Kiislamu ili wazungumze pamoja juu ya hali ya nchi. Jambo hilo lilimuudhi sana Amin, maana mtawala wa namna ile hapendi kuona waliogawanyika wakipatana.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, saa saba na nusu, mtu aligonga nyumbani kwa Askofu Mkuu, Namirembe. Luwum alichungulia, akaona mtu anayemfahamu, ana jeraha usoni. Akafungua mlango ili amsaidie. Nyuma ya yule majeruhi walikuwamo askari wenye bunduki. Wakaipekua nyumba nzima wakidai zimefichwa silaha, wasizione.

Sasa sikilizeni walichofanya maaskofu. Walikutana wakaandika barua kwa Amin, ya tarehe 10 Februari, wakatia sahihi zao. Walieleza bila kuzungusha maneno kwamba kama nyumba ya Askofu Mkuu inaweza kuingiliwa usiku kwa bunduki, basi mwananchi wa kawaida hana usalama hata kidogo. Na kwamba silaha iliyokusudiwa kumlinda raia sasa imeelekezwa kwake. Hapakuwa na tusi ndani ya barua ile wala kitisho. Palikuwa na ukweli, tarehe na majina ya waandishi. Ndugu Mwenyekiti, barua isiyo na jina ni kazi rahisi, na shuleni tuliziandika nyingi. Barua yenye sahihi ni jambo jingine kabisa.

Jumatano ya tarehe 16 Februari maaskofu wakaitwa pamoja na mabalozi, maofisa na umati wa askari katika uwanja wa hoteli ya Nile Mansions, Kampala. Silaha zilikuwa zimepangwa chini, zikasomwa karatasi za kumshitaki Askofu Mkuu kwamba alishiriki njama ya kupindua serikali. Askari wakapiga kelele wakitaka auawe, na walipiga kelele hizo kwa Kiswahili, lugha yetu hii tunayosalia. Luwum alitikisa kichwa tu, kukana. Baadaye maaskofu wengine wakaambiwa waende zao. Yeye akaambiwa kwamba Rais anamwita. Inasimuliwa na aliyekuwa karibu naye kwamba aligeuka akawaambia wenzake kuwa anaona watamuua, lakini haogopi. Hawakumwona tena akiwa hai.

Siku ya pili ikatangazwa ile ajali. Mwili ulipelekwa Mucwini ndani ya jeneza lililofungwa. Wenyeji wakalifungua, wakaona matundu ya risasi.

Huko Namirembe watu walikuwa wamekwisha chimba kaburi, karibu na kaburi la Askofu Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Serikali ilikataa kuutoa mwili. Jumapili tarehe 20 Februari maelfu ya watu wakaja vile vile, ingawa ibada ya mazishi ilikuwa imekatazwa, wakasimama wakaimba kando ya kaburi tupu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwakumbusha maneno waliyoambiwa wanawake kwenye kaburi la Yesu. Ndugu zangu, nimehudhuria mazishi mengi, lakini sijapata kusikia mahali pengine ambapo mtawala alimnyima marehemu mazishi, na kwa kufanya hivyo akawahubiria watu ufufuo pasipo kujua.

MAFUNZO MATATU

Kutokana na habari hizi napenda kuwaachia mambo matatu.

Jambo la kwanza: Mkristo hatafuti mateso, wala si kila maumivu ni mateso kwa ajili ya imani. Kijana aliyechapwa kwa kuruka ua hajateswa, amechapwa. Mtume Petro aliwafundisha Wakristo wa kwanza kwamba hakuna sifa katika kuvumilia adhabu ya kosa ulilotenda. Sifa iko katika kuvumilia wakati umetenda mema. Vile vile kukimbia hatari si dhambi. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye kabla ya uhuru alikuwa mwalimu wa sekondari hapa kwetu, mjini Dodoma, alikuwapo pale Nile Mansions. Siku chache baadaye yeye na mkewe walivuka mpaka kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Luwum alishauriwa aondoke, akabaki na kundi lake. Mmoja alikimbia akaishi kuueleza ulimwengu mambo yaliyotendeka, mwingine alikaa akafa. Sijapata kumsikia mwenye busara akimlaumu yeyote kati yao. Kila mmoja aliuliza wajibu wake ni upi, akautenda.

Jambo la pili: anayeonewa ana wajibu wa kusema kweli. Wazee wetu walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu; hawakusema kwamba atapendwa na wanadamu. Wako watu wanaofikiri kuwa uvumilivu wa Kikristo maana yake ni kuinamisha kichwa na kusema ndiyo bwana. La hasha. Uvumilivu wa Luwum ulikuwa na kalamu mkononi. Na angalieni utaratibu wake: alikwenda kwanza kwa mhusika mwenyewe, uso kwa uso, akashirikiana na wenzake, hata wa dini nyingine, ndipo wakaandika, wakatia sahihi.

Jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: usikubali roho ya anayekuonea iingie ndani yako. Kivengere alipokuwa uhamishoni alitoa kitabu mwaka ule ule wa 1977, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni «Nampenda Idi Amin». Wakimbizi wengi walikasirika, na mimi nilipokisikia mara ya kwanza nilikasirika pia. Lakini mtu yule hakuwa akiyasifu matendo ya Amin. Alizunguka dunia nzima akiyashuhudia mauaji yale. Alichosema ni kwamba aliona chuki inaanza kuula moyo wake mwenyewe, akatambua kuwa asiposamehe, Amin atakuwa amemuua naye pia, ingawa anatembea.

GURUDUMU LILIPOGEUKA

Labda vijana mtasema hayo ni maneno mazuri ya kanisani. Basi tuone yaliyofuata.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, siku zile zile za mitihani yetu ya kidato cha nne, majeshi ya Amin yalivamia mkoa huu. Wenzangu mnakumbuka watu waliopita barabara hii na magodoro kichwani. Daraja la Kyaka likavunjwa. Vijana wetu wakaenda vitani, wengine wa darasa letu hawakurudi, na majina yao tumeyasoma asubuhi ya leo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikakombolewa na Amin akakimbia. Alifia Jeddah, Saudi Arabia, mwezi Agosti 2003, bila ya kusimama mbele ya mahakama yoyote.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mwaka ule ule wa 1979, katika sehemu za Ankole, Waislamu, wake kwa waume pamoja na watoto, waliuawa na watu waliokuwa majirani zao, kwa sababu tu Amin alikuwa wa dini yao. Na mwezi Juni 1981, huko Ombaci, karibu na Arua, katika mkoa aliotoka Amin, askari wa serikali mpya waliwaua watu waliokuwa wamekimbilia katika misheni ya Wakatoliki. Miongoni mwa waliotenda hayo walikuwamo watu waliobatizwa, na baadhi yao walikuwa wameonewa kweli kweli. Gurudumu liligeuka, waliokuwa chini wakawa juu, nao wakafanya yale yale waliyofanyiwa.

Hapo ndipo imani inapopimwa, ndugu zangu. Siku ya kuonewa mtu hana la kuchagua ila kuvumilia. Siku anapopata nguvu ndipo ajulikanapo kama alivumilia kwa imani au alikuwa akingoja zamu yake.

Namshukuru Mungu kwamba kuna mfano wa pili. Baada ya Luwum kuuawa, maaskofu walimchagua Silvanus Wani awe Askofu Mkuu. Wani alikuwa Mkakwa, mtu wa kabila moja na Amin. Fikirini jambo hilo. Watu waliompoteza baba yao walimkubali kuwa baba mtu atokaye katika kabila la muuaji, kwa sababu walimjua kwa matendo yake, hawakumhukumu kwa ukoo wake. Wani ndiye aliyekuwa amebaki pamoja na Kivengere akimngoja Luwum atoke siku ile ya Nile Mansions. Kwangu mimi, uchaguzi ule ni ushuhuda mkubwa kama kifo chenyewe.

DENI LANGU

Sasa nafika kwenye deni.

Majuma machache baada ya sala ile ya Februari 1977, sukari ilipotea stoo. Wale wa wakati ule mnajua sukari ilikuwa kitu gani. Uji wa asubuhi ulikuwa umekwisha kuwa mweupe bila utamu. Paredi ikaitwa. Ikasemekana kwamba mwanafunzi mmoja wa darasa letu alionekana karibu na stoo jioni. Alikuwa mtoto wa wakimbizi, mpole, hodari wa hesabu, na hakuwa na ndugu shuleni wala mzee wa kumsemea. Alikana. Aliulizwa tena, akakana kwa sauti ile ile. Akachapwa viboko mbele yetu, akapewa barua ya kufukuzwa.

Mimi nilijua kuwa hakuiba. Nilijua kwa sababu niliwaona waliobeba ule mfuko. Walikuwa wawili wa bweni langu, na mmoja wao alikuwa kiranja. Tena walinipa kikombe kimoja cha sukari ile, nami nikaipokea na kuila kidogo kidogo chini ya blanketi kwa siku nne.

Nilisimama katika mstari wa tatu, sikusema neno. Nilijiambia kwamba nikisema nitapigwa na kiranja. Kwamba walimu hawatanisadiki. Kwamba yule si mwenyeji, ataondoka tu siku moja. Mimi niliyemlilia Askofu Mkuu wa Uganda nilishindwa kumsemea kijana aliyelala vitanda viwili kutoka changu. Machozi kwa ajili ya aliyeonewa mbali hayana gharama. Aliye jirani ndiye anayekudai.

Miaka ishirini na saba ikapita. Mwaka 2004 nilikuwa Mwanza kwa shughuli zangu, nikaingia duka la vifaa vya umeme kununua swichi. Mwenye duka aliniangalia, akanitaja kwa jina langu la utani la hapa shuleni. Alikuwa yeye. Aliagiza chai, tukakaa nyuma ya kaunta. Nilimweleza yote, hata ile habari ya kikombe. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo:

«Viboko vilipoa kwa juma moja. Lakini nilipita mbele ya bwalo na sanduku langu kichwani, ninyi nyote mkiwa mmekaa mnakula, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwa heri. Hilo lilichukua miaka.»

Nikamwomba msamaha. Akasema alikwisha tusamehe zamani, maana alikuwa na familia ya kulisha na hakuwa na nafasi ya kutubeba sisi mgongoni pia. Nilitaka kumlipa chochote, akakataa. Akasema: «Sina shida ya fedha zako. Ila kama ipo siku utasimama mbele ya watu wa shule ile, waambie.»

Nilimwahidi. Kisha, Ndugu Mwenyekiti, nimehudhuria mikutano hii mara sita tangu siku ile, na mara sita nimekula pilau na kuondoka. Woga wa kijana wa miaka kumi na saba ulizeeka pamoja nami. Ndiyo maana nasema sikuja hapa kama mwalimu wa imani, nimekuja kama mdaiwa.

Basi nasema mbele yenu nyote: mwenzetu yule hakuiba. Aliomba nisimtaje jina, lakini waliokuwa kidato cha tatu mwaka 1977 wanamfahamu, na nimewaona wengine wakiinamisha vichwa tangu nilipotaja sukari. Waliobeba mfuko sitawataja pia. Mmoja wao amekwisha tangulia mbele ya haki, na wa pili ni juu yake na dhamiri yake. Mimi najitaja mwenyewe. Namwomba Mkuu wa Shule, kama kitabu cha kumbukumbu za mwaka ule kingalipo, liandikwe humo neno moja la kusahihisha. Nakala ya gazeti letu hili nitampelekea kwa mkono wangu.

KWENU VIJANA

Nanyi mnaosoma hapa sasa, sikieni neno langu la mwisho.

Leo tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko kwa taifa zima la Uganda, na sanamu ya Janani Luwum imesimama tangu 1998 juu ya mlango mkuu wa Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine wa karne ya ishirini. Ni rahisi kuzitazama sanamu za namna hiyo na kudhani kwamba ushujaa hungoja siku kubwa, siku ya Nile Mansions. Lakini mtu haamki siku moja akawa na ujasiri wa kumwandikia dikteta barua yenye sahihi. Anayekubali kunyamaza kwa kikombe cha sukari atanyamaza hata kwa mambo makubwa zaidi. Na yule anayejifunza kusema, kwa heshima na bila matusi, «Mwalimu, huyu hakufanya, mimi niliona», huyo anajizoeza hapa hapa, kwenye paredi hii.

Wengi wenu hamtaitwa kufa kwa ajili ya imani, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mtaonewa. Mtanyimwa kazi mliyostahili, mtasingiziwa, mtaamriwa kutia sahihi mahali pasipostahili. Siku hiyo semeni kweli, wala msimchukie mtu. Na siku mtakapokuwa ninyi ndio wenye meza, fimbo na muhuri, mkumbuke mlivyokuwa chini.

Na hata kabla ya siku hizo, jambo moja mnaweza kulifanya leo jioni. Mkimwona mwenzenu anapita mbele ya bwalo na sanduku lake, ondokeni mezani. Hata kama hamjui kwamba ana kosa au hana, mwageni. Msindikizeni hadi getini.

Mungu aibariki shule yetu.